Somo limefika, mwalimu yuko wapi?

Mwaka 1973, wakati vijiji vingi vya Tanzania havikuwa na umeme wala simu, watu wapatao milioni 2 walisoma somo moja kwa pamoja. Kampeni iliitwa Mtu ni Afya. Vipindi vilirushwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, vijitabu vya Kiswahili chepesi vikasambazwa, na watu wazima, wengi wao wakiwa ndio kwanza wametoka kwenye ngumbaru, wakakutana chini ya miembe na kwenye madarasa ya shule za msingi kujifunza habari za malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu.

Redio haikuachwa ifanye kazi peke yake. Kabla ya kipindi cha kwanza kwenda hewani, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wameshapewa mafunzo mafupi. Hawakuwa madaktari. Kazi yao ilikuwa kuwasha redio kwa wakati, kuandika mahudhurio, kumsomea kijitabu asiyesoma vizuri, kuuliza maswali, na kuhakikisha kikundi hakitawanyiki kabla ya kukubaliana kitakachofanyika kijijini wiki hiyo. Kampeni ilipoisha, vyoo vilikuwa vimechimbwa kwa malaki nchini kote.

Naanza na habari hiyo ya zaidi ya miaka 50 iliyopita kwa sababu mjadala wetu kuhusu kusoma mtandaoni unaendeshwa kana kwamba elimu ya mbali imeletwa na intaneti. Tumekuwa nayo siku nyingi: masomo kwa njia ya posta ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, redio za shule, kaseti. Kilichobadilika ni chombo. Na kila kinapokuja chombo kipya tunakimbilia kuhesabu vyombo: vishikwambi vingapi, minara mingapi, kompyuta ngapi kwa kila shule. Ni mara chache nasikia mtu akiuliza safari hii wale watu 75,000 ni akina nani. Kwangu mimi, faida na hasara karibu zote za kusoma mtandaoni zinaanzia kwenye swali hilo.

Mwaka ambao kila mtu alijaribiwa

Machi 17, 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa Uviko-19 kutangazwa Tanzania, Serikali ilifunga shule. Kenya ilikuwa imetangaza hatua hiyo siku mbili nyuma, na Uganda ikafuata wiki hiyohiyo. Sisi tulirudi mapema: vyuo na kidato cha sita Juni 1, shule zilizobaki Juni 29. Nchini Kenya, aliyekuwa Waziri wa Elimu, George Magoha, alitangaza mwezi Julai kwamba mwaka wa masomo wa 2020 umepotea, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Uganda ilikaa muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Shule zake zilifunguliwa kikamilifu Januari 10, 2022, karibu miaka miwili baadaye.

Katika miezi hiyo, kusoma mtandaoni kuliacha kuwa jambo la hiari. Shule za kulipia za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam zilihamia kwenye madarasa ya video ndani ya majuma machache, na Nairobi wazazi wengine walifikishana mahakamani na shule wakibishana kama darasa la kwenye skrini linastahili ada ileile. Walimu wa shule za umma walifungua makundi ya WhatsApp, wakapiga picha kurasa za kitabu na kurekodi sauti zao wakielezea sehemu ngumu. Wengi walifanya hivyo kwa bando walilonunua wenyewe. Sijasikia hadi leo kama kuna aliyewarudishia fedha hizo.

Agosti 2020, UNICEF ilitoa hesabu kwamba watoto wasiopungua milioni 463 duniani hawakuweza kufikiwa na somo lolote la mbali, liwe la intaneti, televisheni au redio. Nchi zilizokuwa zimenunua vifaa hazikusalimika. Tangu 2016 Kenya ilikuwa imepeleka vifaa zaidi ya milioni 1 vya kidijitali kwenye shule zake za msingi. Lakini vilikuwa mali ya shule, na shule zilipofungwa, vingi vilibaki vimefungiwa shuleni pamoja na madawati.

Julai 2020 yakaja maputo. Kampuni ya Loon, ndugu wa Google, ikishirikiana na Telkom Kenya, ilirusha maputo yapatayo 35 hadi kilomita 20 hivi juu ya ardhi, yakirusha intaneti juu ya eneo la karibu kilomita za mraba 50,000 magharibi na katikati ya Kenya. Lilikuwa jambo la ajabu, na kwa wataalamu wa mawasiliano lilikuwa ushindi mkubwa. Miezi sita baadaye, Januari 2021, kampuni ilitangaza kwamba inafunga kazi kwa sababu biashara hailipi. Kwa mtoto wa darasa la tano aliyekuwa chini ya maputo hayo, mawimbi yaliyopita angani yalikuwa na maana pale tu nyumbani kwao palipokuwa na simu ya kuyapokea na mtu wa kumwambia ayatumie kwa kazi gani.

Simu moja, watoto watatu

Nyumbani ndiko kwenye mambo mazito, na ndiko ambako takwimu za minara hazifiki.

Familia nyingi za kipato cha chini zenye simu janja zina moja tu. Simu nyingine ni kitochi. Simu janja ni ya baba au mama, na inatoka naye saa 12 asubuhi kwenda kibaruani, sokoni au kwenye bodaboda. Kazi ambayo mwalimu ameituma kwenye kundi saa 4 asubuhi inafunguliwa saa 2 usiku, chaji ikiwa imebaki kidogo, na watoto watatu wa madarasa matatu tofauti wakiisubiri simu hiyohiyo. Mdogo ameshasinzia. Mkubwa ana mtihani wa taifa, kwa hiyo ndiye anayepewa kwanza. Wa kati anasubiri, na akishasubiri siku nne anaacha kuuliza.

Kama huyo wa kati ni msichana, kuna jambo jingine juu yake. Shule inampa kitu ambacho nyumbani hana, nacho ni saa nane za siku ambazo hakuna mwenye haki ya kumtuma. Akiwa nyumbani na daftari mkononi, machoni pa watu wengi hana kazi. Atatumwa maji, atabebeshwa mtoto, atapelekwa gengeni, atapika. Kaka yake anaweza kuambiwa atulie asome. Wanaosifu masomo ya mtandaoni kwa kusema kwamba mwanafunzi anajipangia muda wake wamfikirie kwanza huyu, ambaye muda wake hupangwa na kila mtu isipokuwa yeye.

Halafu kuna bando. Saa moja ya darasa la video inaweza kula nusu GB, na picha ikiwa nzuri inavuka GB nzima. Noti za kurasa 30 kwenye faili hazifiki hata sehemu ndogo ya kiasi hicho, na ujumbe wa sauti wa dakika tano ni kidogo zaidi. Walimu wetu waligundua hili bila kufundishwa na mtu, ndiyo maana WhatsApp ikawa darasa la nchi nzima wakati mifumo ya bei kubwa ilikaa bila watu. Wanachuo nao wamezoea kusubiri usiku wa manane ili watumie vifurushi vya bei nafuu, wakashusha mihadhara ya wiki nzima, kisha asubuhi wakaingia darasani na usingizi. Kijana anayekesha ili apate somo ana bidii ya kutosha. Mfumo unaomlazimisha akeshe ndio unaohitaji kurekebishwa.

Pale inapofanya kazi

Nimeanza na upande wa machungu, lakini sikubaliani na wanaosema kusoma mtandaoni ni anasa ya mijini. Kwa kundi moja la watu, mtandao umefungua mlango ambao serikali na wamisionari hawakuwahi kuufungua vya kutosha.

Chukua mfano wa mwalimu wa shule ya msingi wilayani Tunduru aliyetaka kusoma shahada miaka ya 1980. Alikuwa na njia moja: aombe ruhusa ya masomo, aache familia, aende Dar es Salaam au kwingineko akae bwenini miaka mitatu. Kama ni mama wa watoto wadogo, mara nyingi habari ilikuwa imeishia hapo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya 1992, na wanafunzi wake wa kwanza wakaanza 1994. Kuanzia hapo aliweza kusoma akiwa kazini, lakini vitabu na mitihani vilimtaka afike kituo cha mkoa Songea, safari ya zaidi ya kilomita 250 kwa barabara ambayo wakati wa masika ilikuwa mateso. Leo anashusha noti akiwa kwake, anatuma kazi zake kwa simu, anauliza swali kwenye jukwaa la kozi na kujibiwa na mhadhiri ambaye huenda hawatakutana kamwe. Safari ya Songea imebaki kwa ajili ya mambo machache, mitihani ikiwamo. Kenya wamefuata njia hiyohiyo: Chuo Kikuu Huria cha Kenya, chenye makao yake Konza, kilipewa hati na Rais William Ruto Agosti 2023.

Mtu huyu wa Tunduru anafaidika kwa sababu ana vitu vitatu kabla hajawasha simu: anajua kusoma peke yake, anajua anachokitafuta, na ana mshahara wa kununulia bando. Mtu mzima mwenye kiu ya elimu hahitaji kusukumwa. Nelson Mandela alipata shahada ya sheria ya UNISA, chuo kikuu cha masomo ya mbali cha Afrika Kusini, mwaka 1989 akiwa bado mfungwa, na masomo yake yalikwenda na kurudi kwa barua.

Wapo pia wanafunzi wa sekondari wanaofaidika, na hapa furaha yangu ni kubwa. Zamani mitihani ya miaka iliyopita ilitafutwa Kariakoo, na aliyekuwa Kasulu aliipata kwa hisani ya mjomba aliyesafiri. Leo Baraza la Mitihani linaweka kwenye tovuti yake hata ripoti za uchambuzi wa majibu, zinazoonyesha watahiniwa walikosea wapi na kwa nini, na Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Shule Direct, iliyoanzishwa na Faraja Nyalandu mwaka 2013, inafundisha kwa kufuata mtaala wetu. Ubongo Kids imekuwa kwenye televisheni tangu 2014, ikifundisha hesabu kwa Kiswahili kwa watoto ambao wazazi wao hawajui hata kwamba wanasoma. Nchini Kenya, Eneza Education ilipeleka maswali na majibu kwa ujumbe mfupi, ili hata kitochi kisiachwe nje.

Na kuna wale walimu wa Kitanzania wanaofundisha fizikia, kemia na hisabati kwenye YouTube, ubao nyuma yao, wakisema sentensi kwa Kiingereza kisha wakiirudia kwa Kiswahili mpaka ieleweke. Sekondari zetu zinafundisha kwa Kiingereza, na wanafunzi wengi wanamaliza kidato cha pili wakiwa wamekariri maneno ambayo hawajui yanasema nini. Mtoto aliyekaa miaka miwili akiogopa kunyoosha mkono katika darasa la watu 80 anaweza kumsimamisha mwalimu wa YouTube katikati ya sentensi, akamrudisha nyuma mara sita, na hakuna atakayemcheka. Kwa mwanafunzi mzito kuelewa lakini mwenye nia, hii ni rehema. Nasema hivyo bila kutia chumvi.

Msichana aliyeacha shule kwa ujauzito naye yumo. Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021 ulimruhusu kurudi, lakini wapo wengi ambao, kwa sababu ya mtoto mchanga au aibu ya mtaa, hawawezi kukaa dawati lilelile. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, kupitia SEQUIP, mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, imewafungulia njia mbadala ya kumaliza sekondari. Hapo masomo ya mbali yana kazi ya kweli, ilimradi yaendane na kituo ambacho binti anaweza kwenda, akamkuta mkufunzi anayemjua kwa jina.

Kituo na mkufunzi. Hata katika mazingira magumu kabisa ndivyo vilivyofanikiwa. Shule za mtandao ambazo Vodafone Foundation na UNHCR walizianzisha katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya, zaidi ya miaka 10 iliyopita, na baadaye zikafika kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu pamoja na Congo, zinaendeshwa kwa vishikwambi, umeme wa jua na masomo yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya hapohapo. Lakini kila kituo pia kina mtu aliyefunzwa kukisimamia na kuwafundisha walimu kukitumia.

Asilimia 3

Upande wa pili wa jambo hilo, yaani kozi isiyo na kituo wala mkufunzi wa karibu, ulionekana Marekani. Mwaka 2011, Sebastian Thrun na Peter Norvig walifundisha kozi ya akili unde ya Chuo Kikuu cha Stanford kupitia mtandao, bure, kwa yeyote. Walijiandikisha watu wapatao 160,000 kutoka karibu kila nchi. Waliofika mwisho walikuwa zaidi kidogo ya 20,000. Mwaka uliofuata yakazaliwa majukwaa ya kozi kama hiyo, Coursera, Udacity na edX, na ikatabiriwa kwamba vyuo vya matofali vinakaribia kufa.

Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa Justin Reich na José Ruipérez-Valiente juu ya kozi za aina hiyo za Harvard na MIT. Baada ya miaka sita ya maboresho, katika kila watu 100 waliojiandikisha, waliomaliza walikuwa takribani 3. Kweli, wengine walijiandikisha ili wachungulie tu. Lakini waliosoma kwa nguvu zaidi walitoka nchi tajiri. Mlango ulikuwa wazi kwa dunia nzima, na walioupita kwa wingi ni wale waliokuwa wameshapita milango mingine.

Nikiangalia namba hizo namkumbuka kijana wa kidato cha tatu aliyepewa simu na kuambiwa ajisomee. Kama watu wazima wenye shahada hawafiki mwisho, yeye tunamtaka afike kwa nguvu za nani? Simu hiyohiyo ina TikTok, ina mpira, ina marafiki. Shule zetu za bweni zinapiga marufuku simu, na aliyekamatwa nayo anarudishwa nyumbani. Sababu zao nazielewa. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi anakutana na mtandao likizo tu, peke yake, bila mwalimu wa kumwonyesha tofauti kati ya somo na upuuzi. Bora shule zingekuwa na saa mbili kwa wiki za kusoma mtandaoni chini ya macho ya mwalimu kuliko marufuku ya miezi tisa na uhuru wa miezi mitatu.

Kuna mambo mengine ambayo skrini inayafanya nusu. Mwanafunzi wa kemia anaweza kutazama video nzuri ya kutaitresha, lakini kwenye mtihani wa vitendo ni mkono wake utakaofunga bomba la bureti kwa wakati, tone moja kabla rangi haijazidi. Majaribio ya kuigiza ya PhET, kutoka Chuo Kikuu cha Colorado, yapo hata kwa Kiswahili na mengine yanafanya kazi bila intaneti. Yanamsaidia kuelewa kinachotokea. Mkono wake unabaki kuwa mgeni wa bureti.

Jambo lililo zito zaidi kwa vyuo ni hili: mwalimu asiyemwona mwanafunzi atajuaje ni nani aliyeandika kazi? Sisi Afrika Mashariki tunalijua hili kwa karibu. Kwa miaka mingi vijana wasomi wa Kenya, wengi wakiwa na shahada lakini hawana ajira, wamekuwa wakiandika insha, ripoti na hata tasnifu kwa malipo, na wanafunzi wa Marekani na Uingereza wakizikabidhi kwa majina yao. Filamu ya The Shadow Scholars ya 2024, ikimfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mwenye asili ya Kenya, iliwapa sura na sauti. England ilizipiga marufuku kampuni za biashara hiyo mwaka 2022, na mwisho wa mwaka huohuo ikaja ChatGPT, inayoandika kwa sekunde kile kilichomkeshesha kijana wa Nairobi. Walimu wa Tanzania sasa wanapokea kazi za nyumbani zenye Kiingereza safi kutoka kwa wanafunzi wasioweza kuzieleza wakiulizwa. Kuulizwa huko, ana kwa ana, ndiyo dawa pekee niliyoiona ikifanya kazi.

Yapo pia ya kiusalama. Mwaka 2022 Human Rights Watch ilichunguza programu za kusomea zilizopendekezwa na serikali 49 wakati wa Uviko-19, ikakuta karibu 9 katika kila 10 zilikusanya au ziliweza kukusanya taarifa za watoto kwa njia zinazohatarisha haki zao. Na Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari karibu na Durban, intaneti ya Tanzania ilidorora kwa siku kadhaa. Mtihani uliopangwa kufanyika mtandaoni siku zile haukuwa na pa kwenda.

Sauti kwenye simu

Sasa nifike kwenye utafiti ambao natamani kila afisa elimu wa wilaya ausome. Shule zilipofungwa mwaka 2020, watafiti Noam Angrist, Peter Bergman na Moitshepi Matsheng walizichukua kaya zipatazo 4,500 za Botswana zenye watoto wa shule ya msingi. Kundi la kwanza halikupewa kitu. La pili lilipokea ujumbe mfupi wa hesabu kila wiki. La tatu lilipokea ujumbe huohuo, na juu yake mwalimu akapiga simu ya kawaida mara moja kwa wiki, dakika 15 hadi 20, akazungumza na mzazi na mtoto pamoja, wakafanya swali moja au mawili hadi mtoto aelewe. Hapakuwa na video, bando wala simu janja.

Matokeo yalichapishwa 2022 katika Nature Human Behaviour. Ujumbe peke yake haukuleta tofauti ya maana. Ujumbe pamoja na simu ya mwalimu uliinua uelewa wa hesabu kwa kiasi kinachoonekana, kwa gharama ndogo. Jaribio likarudiwa katika nchi nyingine tano, zikiwamo Kenya na Uganda, na simu ikaendelea kuleta matunda, hata ilipopigwa na walimu wa kawaida wa serikali.

Kuna watakaosema ni jambo dogo. Mimi naliona ni Mtu ni Afya iliyorudi kwa mlango mwingine: somo lilipelekwa kwa chombo, na mtu akawekwa upande wa pili wa chombo kuuliza, umefikia wapi? Mtoto anayejua kwamba Alhamisi saa 11 jioni mwalimu atapiga simu, naye atamtaja kwa jina, anakaa na daftari lake Jumatano usiku. Mzazi naye, aliyedhani masomo ni mambo ya shule, anajikuta ameshika kalamu.

Tanzania haijakaa bila kufanya kitu. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu, uamuzi ninaouheshimu kwa sababu ulikitoa kifaa cha serikali kabatini na kukitia mkononi mwa mtu. Lakini kishikwambi cha mwalimu bila bando na bila saa iliyotengwa kwa ajili ya wanafunzi wa mbali ni nusu ya kazi. Tangu elimu bila ada ilipoanza 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ilipangwa kuwa Sh10,000 kwa mwaka, sehemu yake ikienda kwenye vitabu. Mwalimu mkuu anayegawanya fedha hiyo kati ya chaki, ukarabati na mitihani hana pa kutoa vocha.

Tufanye hesabu. Dakika 20 kwa wiki, kwa wiki 8, ni dakika 160 kwa mtoto mmoja. Kwa darasa la watoto 60 ni dakika 9,600, yaani saa 160, au saa 20 kila wiki. Mwalimu wa darasa, mwenye vipindi vyake na madaftari ya kusahihisha, hawezi. Na wala si lazima awe yeye. Nchi hii ina wahitimu wa ualimu kwa maelfu ambao wamekaa nyumbani miaka kadhaa wakisubiri tangazo la ajira, wengine wakijitolea shuleni bila malipo. Saa 20 kwa wiki ni nusu ya kazi ya mmoja wao. Wizara ingeweza kuanza na wilaya moja ambayo wanafunzi wake wa darasa la nne wako nyuma katika kusoma na kuhesabu, kuanzia likizo ndefu ya Desemba, kwa simu za kitochi walizonazo wazazi wao. Orodha ya namba za wazazi, kila mwalimu wa darasa anayo kwenye daftari lake. Kinachobaki ni posho ya mhitimu, vocha, na barua ya mkurugenzi wa halmashauri.